Inveta haikuwa na kosa

Ile video ya fundi akitengeneza Toyota Prius ya kizazi cha pili huenda mmeiona, na gereji yenyewe sitaitaja. Fundi alivaa glovu, akachomoa plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, akapima kwa multimita mpaka sifuri kabla hajagusa nyaya nene. Hapo sina neno.

Alishakosea mapema zaidi. Mashine ya kusoma hitilafu ilimpa msimbo P0A93, naye papo hapo akatangaza kwamba sensa ya joto ya inveta imekufa. Kwa kuwa sensa hiyo haiuzwi peke yake, akaagiza inveta nzima ya mtumba. P0A93 haisemi hivyo! Inasema upozaji wa inveta hauridhishi. Hakufungua ile namba ndogo ya tarakimu 3 ambayo Toyota huiambatanisha, wala hakutazama joto lililorekodiwa hitilafu ilipotokea. Alifuta msimbo kwanza. Miaka nenda rudi nalipigia kelele jambo hili: kufuta kabla ya kusoma ni kupoteza ushahidi.

Tangi la kulenti ya inveta liko pale pale mbele ya macho yake. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa gari mpaka taa ya READY iwake, chungulia. Kulenti ikitibuka kwa mzunguko, pampu inasukuma. Ikitulia tuli, kagua pampu au toa hewa kwenye mfumo. Na pampu hiyo inajulikana: Novemba 2012 Toyota yenyewe iliyaita magari ya aina hii yarudi kwa ajili yake. Fundi wa hybrid asiyelijua hilo anatibu nini?

Sensa mbovu hujianika. Gari likishalala usiku kucha, soma joto la inveta ya mota ya MG1, ya mota ya MG2, la konveta na la mota hizo mbili kabla hujaondoka; yatakaribiana. Sensa inayodai baridi kali ya chini ya sifuri asubuhi ya Dar es Salaam ina waya uliokatika au soketi iliyoachia. Inayopanda taratibu mlimani na kushuka gari likipumzika inasema kweli, na joto hilo lipo.

Mafundi wa zamani wa Peugeot 504 walikuwa na taa ya kupimia na subira tu, lakini hawakung'oa kifaa kabla ya kuufuata waya wake hadi mwisho.

Mwenye gari, ukiambiwa ununue inveta, dai kwanza uonyeshwe kulenti ikizunguka. Na usikubali kujaziwa maji ya bomba.