Kifafa cha mimba na stadi za mwaka wa kwanza wa uuguzi

Mwanafunzi anayeanza shahada ya uuguzi hufika chuoni akitarajia dawa nzito na mashine kubwa. Muhula wa kwanza humkuta akinawa mikono, akipima presha, akihesabu pumzi za mwenzake na kujifunza kujaza chati. Wengi huyachukulia haya kama mambo ya kupitia haraka ili wafike kwenye uuguzi wenyewe. Nashikilia kwamba huo ndio uuguzi wenyewe, na ushahidi ninaouleta ni tiba moja ambayo kila mkunga wa Afrika Mashariki anaijua: magnesiamu salfeti kwa mama mwenye dalili za hatari za kifafa cha mimba.

Ubora wa dawa hii hauna mjadala tena. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba huzuia degedege kurudi vizuri kuliko dayazepamu na fenitoini. Mwaka 2002 utafiti uitwao Magpie, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba wenye dalili wakipewa dawa hii mapema, hatari ya kupata kifafa hupungua kwa zaidi ya nusu. Bei yake ni ndogo na haihitaji mashine. Inachohitaji ni muuguzi anayepima sawasawa, anayekokotoa sawasawa na anayeandika alichokiona. Tuufuate utaratibu wake hatua kwa hatua tuone kila hatua inamdai nini.

Namba inayoanzisha tiba

Presha ya 160 juu au 110 chini kwa mjamzito ni hali kali, na uamuzi wa kuanza dawa hutegemea sana namba hiyo pamoja na dalili nyingine. Hivyo kosa la mkanda ni kosa la tiba. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huipandisha presha kwa uongo. Mkanda mkubwa kupita kiasi huishusha. Mkono ukiwa chini ya usawa wa moyo kwa sentimita 10, kipimo huongezeka kwa takriban milimita 7 hadi 8 za zebaki, na ukiwa juu hupungua kwa kiasi hichohicho. Mama aliyelalia ubavu wa kushoto akapimwa mkono wa kulia ulioinuka anaweza kuonekana salama kumbe yuko hatarini.

Mbinu sahihi inafundishika katika wiki za mwanzo. Mama aketi, mgongo na mkono vikiwa vimeegemea, miguu ikanyage chini, apumzike dakika tano, asizungumze wakati wa kupimwa. Mwanafunzi apapase kwanza mshipa wa kifundo cha mkono huku akijaza hewa, ajue mapigo yanapotelea wapi, kisha aongeze milimita 30. Hewa itolewe polepole, milimita 2 kwa sekunde, huku akisikiliza sauti ambazo daktari Mrusi Nikolai Korotkov alizieleza mwaka 1905: zinapoanza ni namba ya juu, zinapotoweka ni namba ya chini. Anayefungua hewa kwa pupa hawezi kuzipata namba hizo, basi huandika ya kukadiria. Ndiyo maana chati zilizojaa 120/80 na 140/90 zinapaswa kumtia mkufunzi wasiwasi. Presha za watu halisi haziishii na sifuri zote.

Hesabu ya darasa la sita kwenye bomba la sindano

Dozi ya kuanzia, kwa utaratibu unaojulikana kwa jina la daktari wa Marekani Jack Pritchard, ni gramu 4 kupitia mshipa, polepole, kisha mara moja gramu 10 kwenye misuli: gramu 5 kila tako. Dawa huja mara nyingi ikiwa na nguvu ya asilimia 50, yaani nusu gramu katika kila mililita. Kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8. Lakini dawa ya asilimia 50 haipaswi kuingia kwenye mshipa ikiwa hivyohivyo. Huongezwa mililita 12 za maji ya sindano, zikawa mililita 20 za asilimia 20. Ya misuli haichanganywi na maji: mililita 10 kila upande, pamoja na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 ili kupunguza maumivu.

Hesabu yenyewe ni ya kugawanya na kuzidisha. Ugumu unaletwa na haraka, na lebo. Ziko ampuli zenye gramu 1 katika mililita 2, na ziko zenye gramu 5 katika mililita 10. Muuguzi akiambiwa alete “ampuli nne”, boksi moja litampa gramu 4 na lingine gramu 20. Kinga ni tabia inayojengwa mwaka wa kwanza: kutaja dozi kwa gramu, kusoma lebo kwa sauti, kukokotoa kwenye karatasi, na mwenzako kukokotoa upya bila kuona jibu lako. Sindano ya misuli, safari hii gramu 5 kwenye tako moja kwa zamu, hurudiwa kila saa 4 kwa saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, kwa kuhesabu kutoka kwenye tukio lililokuja baadaye. Kila mara mikono isafishwe na ngozi isafishwe, kwa sababu jipu la tako ni madhara ambayo mama huyu hakuja nayo hospitalini.

Vitu vitatu kabla ya kila sindano

Hapa ndipo stadi zinazodharauliwa hubeba uhai. Magnesiamu hutolewa mwilini na figo. Figo zikilegea, dawa hujilimbikiza: kwanza goti hukosa kuitikia linapogongwa, kisha pumzi hupungua, mwisho moyo husimama. Kwa hiyo kabla ya kurudia dozi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitikie, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita, yaani jumla ya mililita 120.

Pumzi ndicho kipimo kinachobuniwa kuliko vyote wodini. Zihesabiwe kwa dakika nzima, saa ikiwa mkononi, bila kumwambia mama, maana anayejua anahesabiwa hubadilisha upumuaji wake. Muuguzi hubakiza vidole kwenye mapigo huku macho yakifuata kifua. Anayeandika 20 kwa mazoea anaweza kumchoma dozi mpya mama anayepumua mara 12.

Mkojo nao hupotea kwa wema. Ndugu au mhudumu akimwaga mfuko ili kusaidia usafi bila kupima, saa nne za taarifa zimeondoka. Mwanafunzi afundishwe kuwaambia mapema, kwa heshima: “Mama, naomba mkojo usimwagwe mpaka niupime.”

Kipimo kimoja kikishindwa, dozi husubiri na daktari huitwa. Pumzi zikisimama, mama husaidiwa kupumua kwa mfuko na barakoa, na hupewa kalsiamu glukoneti gramu 1 kwenye mshipa, polepole. Dawa hiyo inapaswa kuwa karibu na kitanda tangu sindano ya kwanza.

Tunavyofundisha, na tunavyopaswa kufundisha

Vyuo vingi hupima stadi hizi moja moja: meza hii presha, meza ile sindano, mwanafunzi akiwekewa alama ya vema kwenye kila hatua ya orodha. Njia hiyo ina faida, kwani humfundisha mkono kufuata mpangilio. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kufaulu kila meza bila kuona namba ya meza moja inavyoamua kinachofanyika kwenye meza inayofuata.

Napendekeza mtihani wa mwisho wa mwaka wa kwanza uwe mgonjwa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi apime presha kwa mtu halisi na mkufunzi asikilize kwa stetoskopu ya vichwa viwili. Akokotoe dozi kutoka kwenye lebo asiyoizoea na achanganye maji badala ya dawa. Ahesabu pumzi kutoka kwenye video ambayo idadi yake inajulikana. Asome mkojo kwenye mtungi wa kupimia, kisha aamue: dozi itolewe au isubiri? Alama kubwa iwe kwenye uamuzi huo na maandishi yanayouunga mkono, na anayebuni namba hata moja arudie mtihani. Mwanafunzi wa namna hii hatoi dawa peke yake mwaka wa kwanza, wala hapaswi. Lakini siku atakapokabidhiwa wodi ya wazazi usiku, atakuwa amekwisha kujua kwamba mama aliye mbele yake anategemea ukweli wa chati yake.