Bandia Iliyowahi Kununua Chumvi

Soko la Mahoko, hapa Kanama, liko kwenye barabara itokayo Gisenyi kwenda Musanze, na Goma haiko mbali. Ndiyo maana kopo la sarafu la mzee wa huku huwa halina taifa moja: rupia yenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II, faranga ya Kongo ya Wabelgiji, shilingi ya Afrika Mashariki iliyovuka kutoka Uganda, na faranga ya Rwanda iliyoanza mwaka 1964. Anayekusanya bandia za zamani, akipata kopo la namna hiyo, ajiulize jambo moja kwa kila kipande: hiki kilighushiwa ili kumwibia mwenye duka wa enzi zile, au ili kuniibia mimi leo?

Cha kwanza ndicho mali. Cha pili ni bidhaa ya juzi tu, hata kama kimepakwa masizi kionekane kizee. Rupia 2 za mwaka 1893 na 1894 ni adimu, kwa hiyo zinaigizwa mno, na nyingi ya nakala hizo hunaswa na sumaku. Fedha hainaswi. Anza na sumaku, usipoteze muda.

Kisha mizani. Rupia halisi ya Wajerumani ina gramu 11.66, fedha sehemu 917 kwa 1,000. Bandia ya kumimina kwenye kalibu huwa pungufu kidogo kwa upana, kwani metali husinyaa ikipoa. Ishike kwa kingo, uizungushe taratibu chini ya taa. Ukiona mshono mwembamba uliosuguliwa kwa tupa, na vijino vya ukingoni vimelala huku na huku, ujue nusu mbili za kalibu zilikutana hapo. Uso nao huwa na vitundu vidogo vya hewa, na herufi zimevimba kama sabuni iliyoloa. Iangushe mezani: fedha hulia, risasi hunyamaza.

Hayo yanathibitisha ubandia. Ubora ni jambo jingine. Mimi natazama shavu la Kaiser. Kama ngozi ya fedha imelika pale palipoinuka, wekundu wa shaba ukachungulia, sarafu hiyo ilipita mikono mingi kabla ya kuumbuka. Iliyobaki na mng'ao wake wote hainivutii. Huenda haikumdanganya mtu. Nazidi kuipenda ikiwa na alama ya patasi au tundu la msumari. Kuna aliyeishuku, akaikata, akaona kilichomo ndani. Wakusanyaji wa sarafu halali huuita mkato huo kasoro, nami huongeza bei kwa ajili yake.

Lakini usikimbilie kuita kila kibaya bandia. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa, walipiga sarafu katika karakana ya reli Tabora. Heller 20 za shaba za pale zimepinda na herufi zake hazikukaa sawa, na ni halali kabisa. Mwaka huohuo walipiga rupia 15 za dhahabu zenye tembo, 16,198 tu kwa jumla. Halisi ina gramu 7 na kidogo. Nakala ya shaba ya manjano ya ukubwa uleule haifiki gramu 5. Wabelgiji waliingia Gisenyi Mei mwaka huo na Tabora Septemba, kwa hiyo atakayekuambia babu yake alileta ya tembo kutoka vitani huenda anasema kweli. Ipime hivyohivyo.

Bandia ya pesa inayotumika leo si ya mkusanyaji. Usiinunue, ipeleke polisi.

Bandia za zamani za risasi usizifungie kwenye kabati la mbao. Mvuke wa mbao, pamoja na unyevu wa milima hii, huzigeuza unga mweupe. Tumia vifuko vya plastiki isiyo ya PVC, usizisugue, na nawa mikono kabla ya kula.