Mke wa Msafiri

Ukifungua Safari ya Msafiri, kitabu kilichotungwa na John Bunyan wa Uingereza, hutakwenda mbali kabla ya kukutana na jambo la kukukwaza. Mtu mmoja aitwaye Mkristo ameonywa ya kuwa mji wake utateketezwa kwa moto. Anaanza kukimbia, na furushi zito li mgongoni mwake. Mkewe na wanawe wamwita arudi. Naye atia vidole masikioni, asigeuze hata uso. Na mji utaungua, na watoto wamo ndani!

Kila nikisoma kitabu hiki pamoja na darasa, swali huwa ni lile lile: je, huu ni wokovu au ni utoro? Swali ni zuri, wala haifai mwalimu alizime kwa kujibu kwamba hadithi hii ni fumbo tu. Kweli ni fumbo. Mke na watoto ni mfano wa kila kitu kiushikacho moyo wa mtu asimfuate Bwana wake. Lakini fumbo lililo bora hutaka hadithi yenyewe ikubalike kwanza, na sisi tuliolelewa katika ukoo mkubwa hatuwezi kukubali upesi kwamba baba amekwenda zake.

Yafaa basi tumjue mtungaji. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 karibu na mji wa Bedford, akawa fundi wa kuziba vyungu kama baba yake. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri katika mkutano usioruhusiwa na sheria, akakaa gerezani yapata miaka 12. Angalifunguliwa mapema kama angaliahidi kutohubiri tena. Hakuahidi.

Nyumbani alimwacha Elizabeth, mkewe wa pili, aliyekuwa kijana bado, pamoja na watoto wanne wa mke wa kwanza aliyekufa. Mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Elizabeth alikuwa mja mzito. Kwa mshtuko wa habari zile akajifungua kabla ya wakati, na mtoto akafa. Mwaka 1661 alisimama mbele ya mahakimu mjini Bedford kumwombea mumewe, akawaeleza ya kuwa nyumba yake yaishi kwa sadaka za watu. Hakimu Matthew Hale alimsikiliza kwa upole, mwenziwe akamkaripia, mume hakufunguliwa. Huko gerezani Bunyan alitengeneza kamba za viatu ziuzwe, watoto wapate chakula. Naye mwenyewe akiri, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1666, jinsi alivyoteseka kwa ajili yao, na zaidi kwa ajili ya yule kipofu.

Kwa hiyo siwezi kumwita mtu mwenye moyo mkavu. Lawama yangu ni nyingine: aliyoyajua hakuyatia yote kitabuni. Furushi la mgongoni twaelezwa sana. Mzigo uliobaki nyumbani hatuelezwi. Msomaji aweza kudhani ya kwamba kujitoa kwa Mungu ni mtu mmoja kulipa, kumbe alilipa na Elizabeth, ambaye hakuulizwa kama anayo fedha ya kulipia.

Nadhani Bunyan aliuona upungufu huu. Chapa ya kwanza ilitoka mwaka 1678, na katika mwaka huo huo ikafuata ya pili yenye nyongeza. Mojawapo ni mazungumzo ya Mkristo na bibi aitwaye Upendo katika lile jumba zuri la njiani. Upendo amwuliza, Je, huna jamaa? Mbona hukuja nao? Mkristo alia. Someni ukurasa huo polepole, maana hapo ndipo kitabu kinapopata damu. Kisha mkumbukeni yule jirani aliyefuatana naye mwanzoni kwa furaha tele: huyo hakuwa amelilia kitu, na alipozama katika tope la kwanza alirudi kwake mara moja.

Sehemu ya pili ya kitabu, ya mwaka 1684, ni safari ya mke mwenyewe na wanawe wanne. Wengi huiona hafifu, na kwa habari ya mwendo wa hadithi wana haki: kiongozi wao shujaa awaua majitu, hata hofu yetu yapungua. Tena Bunyan amfanya mke ajilaumu mno kwa kutomfuata mumewe, lawama ambayo Elizabeth hakuistahili hata kidogo. Hata hivyo, ningemwambia mwanafunzi asiifunge sehemu ya kwanza na kusema amekimaliza kitabu. Katika ile ya pili njia yapitika na watoto, mchovu angojewa, na kiwete aendeshwa kwa mwendo wake. Mwishoni mjumbe amletea mama yule barua, naye ashuka mtoni peke yake. Wanawe wamsindikiza hadi ukingoni. Nao, pamoja na wake zao na watoto wao, Bunyan awaacha hai upande huu wa mto.