Istilahi za Mwili katika Sayansi ya Shule za Msingi

Katika somo la sayansi, mtoto wa shule ya msingi hufundishwa sehemu za mwili wa mnyama na za mwili wake mwenyewe. Yafaa tujiulize kama istilahi anazopewa zinamfafanulia mambo au zinamtatiza.

Tuanze na neno tumbo. Katika maongezi ya kila siku, tumbo ni sehemu yote iliyo baina ya kifua na nyonga. Katika sayansi, ni mfuko unaopokea chakula kutoka kwenye umio. Mwanafunzi huambiwa kuwa utumbo umo tumboni, kisha huambiwa kuwa chakula hutoka tumboni kikaingia utumboni. Kauli zote mbili ni sahihi, lakini hazipatani mpaka mwalimu atenganishe maana. Mshipa una matatizo zaidi: upo wa damu, upo wa fahamu, na hata maradhi ya ngiri huitwa mshipa. Hapa hatuna ugomvi na ateri, vena na neva, kwani maneno hayo ya kukopa yanatenga mambo ambayo neno letu limeyachanganya.

Ugomvi wetu ni pale neno letu lililo wazi linapoachwa. Makunduchi, kusini-mashariki ya Unguja, ni pwani ya wavuvi, na maji yanapokupwa watu hushuka mwambani kutafuta pweza. Mtoto wa huko huujua mwili wa pweza na wa samaki kabla hajafungua kitabu. Kiswahili kina minyiri na matamvua. Matamvua ni nyuzi za pindo la nguo pia. Jina laeleza umbo, na umbo laeleza kazi, kwa kuwa nyuzi nyingi nyembamba hupata eneo pana la kufyonza oksijeni majini. Pweza ana mioyo mitatu: miwili husukuma damu kwenye matamvua na mmoja huieneza mwilini. Somo la mzunguko wa damu laweza kuanzia hapo, kisha likaja kwa binadamu mwenye moyo mmoja na mapafu.

Kiunguja cha mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kikae cha Makunduchi, kisiwani humo humo, kikaachwa kando. Haji Chum alikusanya Msamiati wa Pekee wa Kikae, uliochapishwa mwaka 1994. Twaona kuwa mwunda istilahi hana budi kupekua kazi kama hiyo kabla ya kubisha hodi kwa Kiingereza na Kilatini.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza kuwa hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Uzembe wetu katika istilahi huwapa hoja wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Kwa hiyo twapendekeza kila kitabu cha sayansi kieleze mipaka ya maneno kama tumbo na mshipa yanapotajwa mara ya kwanza, na istilahi mpya zijaribiwe darasani, mbele ya watoto wenyewe, kabla ya kusanifishwa.