Ekseli Moja Inatosha

Shaba ya mkoa wa Lualaba, Kongo, husafiri zaidi kwa lami. Hutoka Kolwezi, hupita Likasi na Lubumbashi, hufika mpaka wa Kasumbalesa juu ya matrela marefu, na dereva wake akikwama huko amekwama kwenye foleni. Chakula kina njia nyingine. Mihogo mikavu, mahindi na karanga za Sandoa na Kapanga, nchi ya Walunda na Wachokwe, hufika Kolwezi kutoka magharibi, na njia yake kwa sehemu kubwa ni mchanga. Chumvi, sabuni, mabati na saruji hupanda kwa njia hiyo hiyo. Wanaovipitisha ni watu ambao sijaona mtu akiwaandikia sifa, nami nataka kuziandika.

Ukifika Kasaji, ukaiacha reli iliyofikishwa Dilolo mwaka 1931 na kushika njia ya kuelekea mto Lulua, unaingia katika mchanga ambao wanajiolojia wanauita wa Kalahari. Jangwa lenyewe liko mbali sana kusini, lakini zamani za kale upepo uliutandaza mchanga huu juu ya nyanda hizi za Lualaba na kwingine hadi Kwango. Ni laini na mwepesi, na kuna mahali ambapo fimbo inazama bila kugusa kitu kigumu. Katikati ya nyanda kuna mabonde yenye vijito na majani mabichi, na chini ya majani hayo ni udongo mzito mweusi. Mchanga na udongo huo havikubaliani kamwe. Mwezi wa Agosti na Septemba, kabla ya mvua, bonde limekauka na kuwa gumu, lakini mchanga wa juu umelegea kiasi cha kumeza gurudumu. Mvua zikishika, mchanga unashikamana na kubeba lori vizuri, na sasa bonde ndilo linalogeuka potopoto. Kwa hiyo dereva wa Sandoa hujifunza barabara mbili zinazopita mahali pamoja, na lazima ajue leo anapita ipi.

Lori lake ni la kawaida: Fuso, au Mercedes ya zamani iliyofanyiwa matengenezo mengi kuliko miaka ya umri wake. Injini inasukuma ekseli ya nyuma peke yake. Lori la magurudumu yote kuvuta lipo duniani, lakini ni ghali kununua, linakunywa mafuta zaidi, na vipuri vya ekseli ya mbele huvikuti Sandoa. Mwenye biashara ya mihogo hana faida ya kulilipia. Kile ambacho chuma hakina, basi, hutafutwa kwa binadamu.

Ufundi huo unaanzia kwenye kufunga mzigo. Lori tupu huteleza kwa sababu nyuma ni jepesi na matairi hayapati mshiko. Lori lililojazwa kupita kiasi hupata mshiko lakini huzama. Magunia mazito yanawekwa chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na vitu vyepesi hupangwa juu. Mzigo ukirundikwa mkiani, pua ya lori inainuka na usukani unakuwa mwepesi mahali ambapo dereva anauhitaji zaidi. Motoboi, msaidizi wa dereva, anayejua kupanga magunia amekwisha kufanya nusu ya kazi ya dereva kabla injini haijawashwa.

Halafu macho. Dereva mzuri hushuka na kutembea, na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Anakanyaga kwa kisigino na kuangalia mchanga unarudi vipi. Anachungulia alama za lori lililotangulia: kama kingo zake zimesimama, ardhi inabeba, kama zimebomoka ndani, mwenzake alipita kwa shida. Anapima kwa jicho tuta lililobaki katikati ya mifereji miwili ya magurudumu, maana difu (gia za katikati ya ekseli) ikilala juu ya tuta hilo, matairi yatazunguka hewani na nguvu yote ya injini haitafaa kitu. Kisha anarudi, na motoboi anamuuliza, "Papa, tunapita?" Jibu linaweza kuwa, "Tungoje asubuhi." Mchanga wa alfajiri, wenye ubaridi na umande, una mshiko ambao wa saa nane mchana hauna.

Kupunguza upepo wa matairi ni jambo ambalo wageni huliogopa. Tairi lililojaa ni gumu na hugusa ardhi kwa sehemu ndogo, hivyo uzito wote unachoma mahali pamoja. Ukitoa upepo, alama ya tairi inarefuka, uzito unatandazwa, na lori linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Lakini tairi legevu lenye mzigo likikimbizwa kwenye ardhi ngumu linapata moto na kupasuka, kwa hiyo upepo lazima urudishwe mara mchanga unapokwisha. Malori yenye breki za upepo yana kompresa yake. Motoboi huunganisha mpira na kujaza, huku abiria wakilalamika kwamba wanachelewa.

Ndani ya mchanga wenyewe kazi ni fupi. Gia huchaguliwa kabla ya kuingia, kwa sababu ukikanyaga klachi katikati, mchanga unalishika lori kama mkono na mwendo umekwisha. Mwendo ule wa kuingilia ndio mtaji wote. Usukani haukatwi ghafla, mafuta hayaongezwi kwa pupa. Ikibidi kusimama, dereva hutafuta mteremko, na hapigi breki. Huliacha lori lisimamishwe na mchanga wenyewe, ili lisijijengee kifusi mbele ya matairi.

Na likianza kuzama? Mguu unatoka kwenye mafuta. Difu ya kawaida hufanya gurudumu lenye mshiko lisipate nguvu zaidi kuliko lile linaloteleza, basi kuongeza mafuta ni kulisaidia linaloteleza lichimbe kaburi. Niliyoyaona njiani yamenifundisha kwamba tofauti ya lori linalotoka baada ya nusu saa na linalolala siku tatu ni zile sekunde chache za mwanzo. Aliyenyamazisha injini mapema atachimba kidogo mbele ya matairi, atatandika matawi au mbao, atarudi nyuma polepole juu ya alama zake mwenyewe, kisha atajaribu tena.

Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza, aliyagundua mambo haya haya katika jangwa la Misri na Libya mwishoni mwa miaka ya 1920, akiwa na magari ya Ford yanayosukumwa na ekseli moja. Alipunguza upepo na kubeba vipande virefu vya chuma vya kutandika chini ya magurudumu. Mwaka 1940 aliunda kikosi cha doria za masafa marefu jangwani, kikaanza na malori ya Chevrolet yanayosukumwa nyuma tu. Baadaye walipewa Ford za magurudumu manne kuvuta, wakaona zinamaliza mafuta mno, na mwaka 1942 wakarudi kwenye Chevrolet. Huku kwetu Afrika, mbio za magari za Safari Rally zilianza mwaka 1953, na hadi mwaka 1987 hakuna gari la kuvuta kwa magurudumu manne lililowahi kuzishinda. Shekhar Mehta alishinda mara tano kwa Datsun iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma, ndani ya matope ya Afrika Mashariki. Mehta tunamkumbuka, na ni haki yake. Dereva wa Kapanga anapita njia mbaya kama zile akiwa na tani za mihogo na watu juu yake, na hakuna anayemngoja na bendera.

Leseni haipimi ujuzi huu. Motoboi huupata kwa miaka ya koleo na jeki, akimtazama mzee wake, hadi siku anapoachiwa usukani kwenye kipande kirahisi.

Basi wewe unayesafiri juu ya magunia kutoka Sandoa, dereva akisimama mahali usipoona sababu, usimpigie kelele kwamba jua linakwenda. Akisema watu wote chini, shuka, msaidie mama mwenye mtoto mgongoni naye ashuke, mtembee hadi ng'ambo. Na wewe mwenye lori, mlipe pia siku aliyolala kando ya njia akingoja mchanga ushikamane, kwa sababu siku hiyo alikuwa kazini.