Sentimita Tano Tu! Land Cruiser 80 Iliyoinuliwa Yakutana na Mawe ya Goma

Sentimita tano. Ndizo zote! Urefu usiofika hata kidole cha shahada, na jipe ya mwaka 1996 niliyodhani naijua vizuri imegeuka gari jingine kabisa. Nimeiendesha kutoka Katindo hadi Ndosho, nimeipandisha Majengo kwenye vichochoro vya mawe matupu, nimeielekeza Kibati hadi Nyiragongo ikajaa kwenye kioo cha mbele, na nimeshuka nikiwa na neno moja kwa kila mwenye Land Cruiser 80, Prado ya zamani au Hilux Surf katika mji huu: anza kuweka akiba leo.

Asiyeishi Goma huenda akashangaa mtu mzima kushangilia springi. Na aje aone! Sisi tunaishi juu ya lava. Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 unaotutazama kutoka kaskazini, ulilipuka Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, ikafika Buhene na kuikata barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru. Jiwe hilo jeusi likishapoa ndilo msingi wa nyumba zetu, ndilo ukuta, ndilo barabara. Ukiiacha lami na kuingia mtaani, tairi halikanyagi udongo. Linakanyaga makali, moja juu na jingine chini, na kila jiwe linataka kujua gurudumu lako linaweza kupanda na kushuka kiasi gani kabla chuma hakijagonga chuma.

Hapo ndipo 80 inapong'ara. Mtangulizi wake, ile 60 ya mraba, ilisimama juu ya springi za majani mbele na nyuma. 80 ilipokuja mwaka 1990, Toyota waliipa koili pembe zote nne na kuiachia ekseli nzima mbele na nyuma. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli inalisukuma la kulia chini lishike ardhi, na koili inaliruhusu lishuke. Na raha ya fundi ni hii: kwa kuinua sentimita tano hakuna kukata chasisi wala kuchomelea. Springi za zamani zinatoka, ndefu zinaingia. Shokapu fupi zinatoka, zenye mwendo mrefu zinaingia. Gari la karibu miaka 30 linafanyiwa kazi hiyo kwa jeki, spana na mikono inayojua inachokifanya!

Seti iliyofungwa kwenye jipe hii ni Old Man Emu, jina ambalo watu wa Land Cruiser duniani kote wanalitaja kwa heshima. Inauzwa na ARB ya Australia, kampuni iliyoanza Melbourne mwaka 1975 na kubeba herufi za mwanzo za mwanzilishi wake, Anthony Ronald Brown. Shokapu zake za manjano zina mafuta na gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo ina kazi kubwa kwetu. Barabara ya mawe huichapa shokapu bila kupumzika. Mafuta yanapata moto, yanatoa povu, na shokapu yenye povu haizuii kitu, gari linaanza kurukaruka. Shinikizo la gesi linalidhibiti povu hilo, kwa hiyo shokapu inabaki na nguvu zake hata mawe yakiendelea kwa kilomita nyingi.

Ukiitazama imesimama, haijigambi. Hakuna matairi ya trekta, hakuna mwili unaoning'inia angani. Imesimama sawa, mbele na nyuma, jinsi ilivyotoka kiwandani na kidogo zaidi. Kumbuka kwamba springi za miaka mingi huwa zimekwishalala, kwa hiyo unachokiona ni nyongeza juu ya kimo kilichorudishwa. Upime kabla na baada, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, utajua umenunua nini hasa.

Kisha ukatie ufunguo! Mtaa wa kwanza wa mawe nilijikaza kama kawaida, mabega juu, mikono imebana usukani, nikingoja ule mshindo wa kugongwa mgongoni. Haukuja. Gurudumu lilishuka shimoni, likajaa humo, likatoka, na mwili wa gari ukaendelea na safari yake. Jiwe lililofuata hivyo hivyo. Lililofuata tena hivyo hivyo! Ndani, abiria waliendelea kuzungumza. Hakuna aliyeshika mpini wa juu ya dirisha. Nilipofika kona iliyojaa chukudu, zile skuta zetu za mbao, zilizobeba magunia ya makala nikakanyaga breki, na pua ya gari, ambayo zamani ingezama karibu kugusa ardhi, iliinama kwa adabu na kusimama. Usione vyaelea, vimeundwa.

Na vimeundwa wapi? Mahali pasipoonekana, na hapa ndipo kila mwenye mpango wa kuinua gari lake anapaswa kutulia na kusikiliza. Ukiinua 80, ekseli ya mbele inazunguka kidogo kwenye mikono yake, na pembe ya kasta inapungua. Kasta ikipungua, usukani hauna hamu ya kurudi katikati na gari linatangatanga barabarani. Jipe hii imewekewa bushi za kurekebisha kasta, na kwenye lami ya kuelekea Sake ilikwenda mstari mmoja bila kubembelezwa. Fimbo ya Panhard inayoshikilia ekseli isiende kando nayo inaivuta pembeni gari linapopanda, kwa hiyo ipimwe na irekebishwe. Mabomba ya mpira ya breki yakaguliwe gurudumu likiwa limening'inia kabisa, yasije yakavutika. Na pale nyuma kuna valvu inayosoma uzito kwa fimbo iliyoungana na ekseli: mwili ukiinuka, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Fundi asiyeijua valvu hiyo asiguse gari lako. Aliyeirekebisha kwenye gari hili nampa heshima zote, maana breki zake ziko sawa kabisa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi, nami nalisema kwa furaha kwa sababu litakuokolea fedha. Springi ndefu hazipandishi difu hata milimita moja. Ekseli inakaa pale pale. Kinachopanda ni mwili, bampa, tangi na ngazi za pembeni. Difu inapanda kwa tairi tu. Tairi la asili la 80 nyingi ni 275/70R16, lenye kipenyo cha kama milimita 791. Ukiweka 285/75R16 unapata kama 834, na nusu ya tofauti hiyo, milimita 21 hivi, ndiyo difu inayopata. Lakini tairi hilo linakudai pia. Gia zinakuwa ndefu kwa zaidi ya asilimia 5, na spidi mita ikisoma 60 wewe uko 63. Jipe hii ina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, na Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya saba kuliko pwani. Injini imekwisha kupoteza pumzi kabla hujaanza kupanda Kibumba! Mwenye gari ameacha saizi ya asili, akachagua tairi lenye kuta ngumu zinazostahimili mikato ya lava. Uamuzi wa busara, na gari halikosi kitu.

Basi tuje kwenye fedha, maana mpango mzuri wa gari unaanza kwenye daftari. Swali la kwanza kuandika ni hili: gari linabeba nini kila siku? Springi huuzwa kwa uzito. Zipo za gari jepesi, za mzigo wa kati na za mzigo mzito wa kudumu. Anayeleta viazi na kabichi kutoka Kibumba kila wiki ana springi yake. Anayepeleka watoto shule Himbi na kupanda Masisi mara mojamoja kufuata jibini ana yake. Ukimpa huyu wa pili springi za mzigo mzito, gari tupu litamtikisa meno kwenye kila jiwe, naye atalaumu chapa bure. Jipe hii imepewa za kati, na ndiyo siri ya utamu wake wote.

Baada ya hapo, gawa. Seti kamili ya kampuni yenye jina, springi nne na shokapu nne, kwa kawaida inavuka dola 1,000 kabla haijasafirishwa. Mgawo ninaoupendekeza kwa kila dola 100 ya bajeti ni huu: 50 kwa springi na shokapu, zinunuliwe pamoja kwa sababu zimetengenezwa zifanye kazi pamoja, 20 kwa usafiri na ushuru, 15 kwa bushi, kasta, Panhard na mabomba ya breki, 10 kwa fundi na alaimenti, 5 zibaki mfukoni kwa boliti iliyoota kutu na kukatika, maana kwenye gari la umri huu itakatika. Tairi zipewe bajeti yake, msimu wake.

Usafiri usiudharau. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na mzigo wa chuma kama huu njia yake ni barabara: umeshuka Mombasa au Dar es Salaam, umevuka nchi, umefika Gisenyi, ndipo unavuka mpaka kuja kwetu. Wengine hutafuta Kirinyaga Road pale Nairobi au Gerezani kule Dar es Salaam, na vitu vizuri vipo. Agiza kwa namba ya chasisi, omba picha ya namba zilizopigwa kwenye springi, na usilipie springi za mbele za gari moja na za nyuma za jingine. Akiba yako iweke kwa noti safi. Kila mtu wa Goma anajua kwamba dola yenye mpasuko mdogo tu inakataliwa, na ni uchungu mtupu kusimama dukani na fedha kamili isiyopokelewa.

Kabla ya yote hayo, tengeneza kilichochakaa. Tairodi zinazocheza, bushi zilizokufa, sili za nundu za ekseli ya mbele zinazovuja grisi: ugonjwa huo wa mwisho mwenye 80 yeyote anaujua. Gari lililoinuliwa juu ya uchakavu linaonyesha kila kasoro kwa sauti kubwa. Na vile vipande vya chuma au mpira vya kubandika juu ya springi zilizolala, vikimbie! Vinaleta kimo bila mwendo. Shokapu fupi inafika mwisho wake, inagonga, na unakuwa umelipa ili gari liwe bovu zaidi.

Wafikirie pia wanaopanda. Sentimita tano ni nyingi kwa mama mzee aliyefunga kikwembe, kwa hiyo ngazi imara ya pembeni iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Na dereva akumbuke kwamba uzito umepanda pamoja na mwili: kwenye kona, mguu uwe mwepesi. Ndiyo sababu nyingine ninayoipenda hii sentimita tano kuliko kumi za kujionyesha. Inatosha mawe yetu yote, na gari linabaki na tabia zake njema.

Uamuzi wangu? Nunua! Kama una 80 yenye chasisi nzima na injini inayowaka vizuri, sijui fedha nyingine utakayoitumia katika gari hilo ikakurudishia raha kubwa hivi kila asubuhi unapotoka getini. Watengenezaji wa magari mapya wanauza starehe kwa makumi ya maelfu ya dola. Hapa Goma, starehe hiyo inaingia kwenye jipe uliyonayo tayari. Kesho chukua futi kamba, pima pembe nne, andika mzigo wako wa kila siku, na dola 50 za kwanza za kila 100 zielekeze kwenye springi na shokapu. Mawe yapo, hayaendi popote. Wewe yaendee ukiwa umejiandaa.