Ua la Uani na Marando ya Jirani

Kuna mimea miwili ya ukoo mmoja inayozunguka katika nyumba za Musoma, Bunda na Butiama bila kupita dukani. Wa kwanza ni ule unaotambaa kwenye ua wa minyaa au kwenye nondo za dirisha, wenye maua ya zambarau, buluu au waridi yaliyofunuka mithili ya tarumbeta. Huchanua alfajiri, na adhuhuri ikifika maua yameshasinyaa. Anayeyatamani huomba mbegu, akazibeba kwenye kipande cha gazeti. Mmea wa pili ni kiazi kitamu. Huo hauombwi kwa mbegu bali kwa marando, fungu zima lililofungwa kwa kamba ya mgomba na kutwishwa kichwani. Wataalamu wa mimea wameiweka yote miwili katika jenasi moja, Ipomoea. Mwenye shaka asubiri kiazi kichanue: ua ni lile lile, limefifia rangi tu.

Ndugu hawa wawili wanatofautiana katika jambo moja tu lenye uzito, yaani kile hasa kinachotoka mkononi mwa anayetoa kwenda kwa anayepokea. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini marando ya Kanda ya Ziwa huchoka, na ni kwa njia gani wataalamu walijaribu kuyahuisha.

Tuanze na ua, maana lina mambo machache. Mbegu yake ni nyeusi, ina kingo tatu, na ganda lake ni gumu kiasi kwamba maji huchelewa kupenya. Isugue kwenye msasa au jiwe lenye mikwaruzo mpaka weupe wa ndani uanze kuonekana, kisha iloweke usiku kucha. Zilizovimba asubuhi zipande, zisizovimba zirudishe kwenye msasa. Kina cha sentimita moja au mbili kinatosha, na kwa joto la Musoma miche huchomoza ndani ya wiki. Usiishindilie samadi, utapata ukuta wa majani usio na ua. Kwingineko duniani wakulima wa maua haya huhangaika na majira, kwa kuwa mengi ya kundi hili husubiri usiku mrefu ndipo yachanue. Wajapani walioyakuza kwa karne nyingi wanayo aina iitwayo Violet, ambayo usiku mmoja tu mrefu unatosha kuishawishi ichanue, nayo imetumika sana maabara kuchunguza namna mimea inavyohesabu saa za giza. Musoma iko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, usiku wake ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Hapo mwenye maji ya kumwagilia hupanda mwezi anaotaka. Tahadhari moja kwa wenye watoto: mbegu hizi zina sumu, zisiachwe ovyo mezani.

Vifuko vya mbegu vikikauka na kuwa vya kahawia, huchumwa kabla havijapasuka, mbegu zikahifadhiwa ndani ya karatasi na si mfuko wa plastiki. Mbegu hiyo hubeba sura ya mamaye na kwa kawaida haibebi maradhi yake. Virusi vingi vya mimea havivuki kutoka kwenye shina hadi kwenye kiini cha mbegu. Mmea ungeweza kuwa hoi kwa ugonjwa, na bado mche utakaoota kwa jirani ukaanza maisha safi.

Kiazi hakina bahati hiyo. Kina kromosomu 90 katika seti sita, na hukataa chavua yake chenyewe, kwa hiyo mbegu zake za kweli zikiota hutoa watoto wasiofanana na mzazi wala wao kwa wao. Watafiti wanaotafuta aina mpya hufurahia vurugu hiyo. Mkulima wa Nyamuswa anayetaka viazi vile vile alivyokula mwaka jana hana budi kukata kipande cha mmea wenyewe na kukipanda. Basi anapompa jirani rando, anampa mmea ule ule pamoja na kila ugonjwa uliopata kuuingia tangu babu wa babu yake.

Na marando lazima yazunguke. Ukanda huu una mvua za vuli kuanzia Oktoba na za masika kuanzia Machi, na kati ya Juni na Septemba kila kisicho karibu na maji hukauka. Walio kandokando ya ziwa, huko Guta, Mugango na Majita, huyaweka marando mabondeni. Walio vilimani upande wa Butiama na Kiabakari huyapanda nyuma ya bafu yanakotoka maji, au chini ya migomba, au hungoja maotea ya viazi vilivyosahaulika shambani. Mvua ya kwanza ikinyesha, mwenye bonde anakuwa tegemeo la ukoo mzima. Ndugu na jirani hupewa bure, mgeni huuziwa. Ekari moja yenye matuta ya mita moja na vipando vya kila sentimita 30 inakula vipande kama 13,000. Hakuna bafu litakalotoa hivyo, ndiyo maana wengi hupanda kidogo, wakingoja mashina yao yarefuke ndipo wakate tena, na mvua huwa inakwenda.

Ugonjwa unaoambatana na mzunguko huu si mgeni. Uliripotiwa Ituri, Kongo, mwaka 1939, na mwaka 1957 mtafiti F. M. L. Sheffield aliandika juu ya virusi vya viazi vitamu Afrika Mashariki. Leo tunajua kwamba mhalifu si mmoja. Kuna kirusi kinachoitwa kwa kifupi SPFMV, kinachoenezwa na vidukari, na kingine SPCSV, kinachoenezwa na inzi weupe. SPFMV kikiwa peke yake mmea hukidhibiti, na mara nyingi jicho halioni chochote. SPCSV peke yake hugeuza rangi ya majani ya chini na kudumaza kidogo, dalili ambazo wengi wangezitupia lawama ardhi iliyochoka. Vikikutana ndani ya shina moja, SPCSV hutoa protini inayovunja kinga ya mmea, na SPFMV kinachachamaa. Vipimo vilivyofanywa kwa viazi vya Uganda na kuchapishwa mwaka 2000 vilionyesha wingi wake ukipanda kufikia mara 600. Majani hujikunja na kuwa membamba, shina hugoma kutambaa, na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Kwa mtazamo wangu, hapa ndipo ubadilishanaji unapoumiza, na ni tofauti na wanavyodhani wengi. Jirani hakupi rando lililokunjamana, hata mtoto angelitupa. Anakupa rando zuri lenye kirusi kimoja, unalipanda pembeni mwa lako zuri lenye kirusi cha pili, na inzi weupe wanamaliza kazi. Pande zote mbili zimetoa kwa nia njema, na macho yao hayakudanganya. Tena mkulima wa kwetu si mzembe wa kuchagua. Richard Gibson na wenzake, waliofanya kazi Uganda kwa miaka mingi, walionyesha kwamba uchaguzi wa wakulima wenyewe, pamoja na uvumilivu wa aina za kienyeji, ndivyo vimezuia ugonjwa usifute zao hili. Ila uchaguzi wa macho una mpaka, nao ni pale kirusi kinapokaa kimya.

Ili kumwona aliye kimya, wataalamu walimwita ndugu wa uani. Ipomoea setosa ni ua litambaalo lenye asili ya Amerika, lina vinywele vigumu kwenye shina na majani mapana, na limegeuka kuwa shahidi wa viazi karibu dunia nzima. Shahidi huyu huoteshwa kwa mbegu, na sababu yake tumeshaitaja: aliyeota kwa mbegu kwa kawaida hana virusi. Akiwa na majani machache, shina lake huchanjwa na kubandikwa kipande cha rando linaloshukiwa, pakafungwa pakashikana, utomvu ukaanza kupita. Kama rando lina kirusi, hata kile kilichokuwa kimenyamaza, ua hili halina kinga ya kukinyamazisha. Ndani ya wiki chache majani yake mapya hutoa mishipa iliyopauka, madoa au mikunjo. Baada ya hapo huchukuliwa majani ya ua, si ya kiazi, yakapimwa kwa kemikali kwenye utando wa maabara, maana ndani ya kiazi virusi ni vichache na vimetawanyika bila mpangilio, kiasi kwamba kupima kiazi moja kwa moja kunaweza kutoa jibu la uongo.

Rando lililoshindwa mtihani husafishwa kwa subira. Mmea huwekwa kwenye joto la karibu nyuzi 37 kwa wiki kadhaa ili virusi vipungue nguvu, kisha hukatwa ncha changa kabisa ya chipukizi, isiyofika hata milimita moja, kwa kuwa huko virusi huwa havijafika. Ncha hiyo hukuzwa ndani ya chupa, ikawa mche, na mche hurudishwa kwa yule yule shahidi mwenye vinywele. Ukipita salama ndipo unaitwa safi. Kwa Afrika Mashariki, kituo cha karantini ya mimea cha KEPHIS kilichoko Muguga, Kenya, kimekuwa mlango mkuu wa kazi hii.

Miche iliyopitia Muguga ndiyo iliyolisha mradi wa Marando Bora, ulioendeshwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, katika Kanda ya Ziwa kati ya 2009 na 2012, mkoa wa Mara ukiwamo. Mpango ulikuwa wa ngazi: chupa za maabara, mashamba ya kuzalishia, kisha wakulima wazalishaji vijijini waliogawa kwa vocha. Ziliingizwa aina za Kabode, Ejumula na Jewel, za rangi ya chungwa zenye vitamini A, pamoja na Ukerewe na Polista zilizozoeleka midomoni mwa watu. Kuhusu aina, somo kubwa lilitoka kwa Ejumula: utamu na rangi inavyo, lakini huugua upesi. Kuwapa watu aina dhaifu iliyosafishwa ni kuwapa muda mfupi tu. Kabode, iliyoidhinishwa Uganda mwaka 2007, ilikuwa chaguo la busara zaidi.

Nausifu mradi ule kwa kutojaribu kuua desturi ya kupeana. Ulimimina maji safi kwenye mto uliokuwa tayari unatiririka. Dosari ninayoiona iko kwenye vocha. Kilichogawiwa kwa vocha hakina bei machoni pa mpokeaji, na marando safi yanahitaji kurudiwa kila baada ya misimu kadhaa, kwa sababu inzi weupe hawajui kwamba mradi umekwisha. Mzalishaji wa kijijini ambaye majirani wamezoea kupewa anauza kwa nani? Swali hilo halina jibu la kiufundi. Baadaye yalijaribiwa mahandaki ya chandarua, yaani chandarua cha matundu madogo kilichotandazwa juu ya fito zilizopindwa, ili mashina mama yakae mbali na wadudu. Yanafanya kazi, mradi mwenye kuyatunza ayafunge vizuri kila anapotoka, na chandarua kikitoboka kizibwe siku hiyo hiyo. Kwa nyumba ya kawaida naona ni gharama isiyo ya lazima. Yamfae anayeuza.

Kinachoifaa nyumba ya kawaida ni mchanga. Sam Namanda na wenzake waliifanyia kazi njia hii Uganda na Kanda ya Ziwa, wakakuta inakwenda vizuri. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, kutoka kwenye mashina yaliyokuwa na afya. Vipange ndani ya beseni lililowekwa mchanga mkavu uliopoa, tabaka kwa tabaka, visigusane, kisha beseni likae ndani ya nyumba panapo ubaridi. Pitia kila mwezi, toa kilichooza, vunja machipukizi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua, vifukie kwenye kitalu kidogo karibu na maji na umwagilie. Viazi 40 vikitunzwa hivyo vinaweza kutoa vipande 1,500 hivi, na muhimu zaidi, vinakuwa tayari mvua ya kwanza inapodondoka. Kwa mtu wa Kiabakari asiye na bonde, njia hii inampunguzia kumtegemea wa ziwani.

Katika kukata, vipande vya sentimita 30 kutoka nchani ndivyo vya kwenda shambani. Sehemu ya chini ya shina iachwe, ndiko fukusi hutagia. Kitalu kisikae chini ya ua lenye maua ya tarumbeta. Uchunguzi wa Uganda ulikuta jamaa wa porini wa jenasi hii wakibeba virusi vile vile vya kiazi, basi mmea unaopendezesha dirisha unaweza kuwa bweni la virusi. Kitalu kikae upande unakotoka upepo, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu, na ua lenyewe likiota majani yaliyokunjana ling'olewe bila huruma. Mbegu zake si unazo kwenye gazeti. Na anayetaka kuuza marando rasmi kama mbegu za kuazimiwa ubora, QDS, aanzie TOSCI, taasisi inayokagua mbegu nchini, kabla hajapanda na si baada.

Kwa wengine wote ombi langu ni moja. Yachague mashina ya mbegu viazi vikiwa bado shambani vimestawi, yafunge alama ya kitambaa, na yale yaliyodumaa yang'oe mapema. Wifi yako akija kuomba marando mvua za vuli zikianza, mkatie kutoka kwenye yale yenye kitambaa peke yake.